Saa 36 za Kwanza Jela

Mtu akikamatwa Minneapolis au Saint Paul bila hati ya mahakama, kanuni za kesi za jinai za jimbo la Minnesota, Marekani, zinataka afikishwe mbele ya jaji ndani ya saa 36, bila kuhesabu siku aliyokamatwa, Jumapili wala sikukuu. Aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kukaa mahabusu hadi Jumatatu adhuhuri na sheria isivunjwe. Katika muda huo hupigwa picha, huchukuliwa alama za vidole, huulizwa maradhi na dawa anazotumia, kisha huulizwa habari za akili yake. Hilo la mwisho si hisani ya jela. Kifungu cha 641.15 cha sheria za jimbo kinamlazimu sherifu ampime kila mahabusu mpya kwa hojaji iliyoidhinishwa na kamishna wa magereza, ili watambuliwe wanaoweza kuwa na ugonjwa wa akili. Kifungu hichohicho kikifika kwenye hatua inayofuata kinalegea: jina la aliyeonekana ana dalili linaweza kupelekwa idara ya ustawi ya kaunti, na jela inaweza kumsaidia kupata miadi ya daktari atakapotoka. Yaani kuuliza ni lazima, ila kulifanyia kazi jibu kumeachwa kwa ridhaa ya wahusika. Hoja yangu ni kwamba upimaji wa mapema una thamani pale tu unapokuwa mali ya tiba na si mali ya kesi: ufanywe na mhudumu wa afya, majibu yake yasimfikie mwendesha mashtaka kwa njia yoyote, na anayeonekana ana dalili awe na haki ya kuonana na mtaalamu kabla ya saa hizo 36 kwisha. Likikosekana moja kati ya hayo, tunabaki na fomu iliyojazwa.

Msomaji wa Nairobi au Dodoma anafahamu kupimwa akili kwa sura nyingine. Kenya, mshtakiwa wa mauaji hupelekwa kwanza hospitali ya Mathari kabla ya kujibu mashtaka. Tanzania, mshtakiwa ambaye mahakama inatilia shaka akili zake hupelekwa Isanga, Dodoma. Huko kote mahakama ndiyo inayoagiza, na moja ya mambo inayotaka kuyajua ni kama mtu huyu anaweza kusimama kizimbani. Marekani nayo ina swali hilo, na tangu hukumu ya Dusky ya 1960 kipimo chake kinajulikana: je, mshtakiwa anaielewa kesi inayomkabili, na anaweza kushauriana na wakili wake kwa akili iliyotulia? Liko swali la pili, kama alikuwa na akili timamu wakati wa tendo lenyewe, na hilo husubiri hadi utetezi uliibue. La tatu ni tofauti kabisa na hayo mawili: je, mtu huyu ni mgonjwa sasa, na anahitaji nini usiku huu? Mahakama zimejijengea wataalamu, kanuni na hukumu nzitonzito za kujibu mawili ya kwanza, ilhali la tatu, ambalo kuchelewa kulijibu kunaweza kuua, limeachiwa meza ya mapokezi ya jela. Katika jela za kaunti za Marekani hakuna sababu moja ya kifo inayozidi kujiua, na vifo vingi vya aina hiyo hutokea mapema, mtu akiwa bado mgeni humo ndani.

Tuitazame hojaji yenyewe kwa karibu. Inayotumika sana katika jela za Marekani ilitungwa na timu ya mtafiti Henry Steadman, na ina maswali manane ambayo askari huyasoma kwa dakika mbili tatu. Sita ni ya dalili. Unaamini kuna mtu anayeweza kuitawala akili yako kwa kukutilia au kukuondolea mawazo? Unahisi wengine wanayajua unayoyawaza? Umekonda au kunenepa kwa wiki kadhaa bila kukusudia? Jamaa zako wameona kwamba siku hizi hutulii kuliko kawaida yako? Unajisikia mzito wa kusema na kutembea? Zimepita wiki ukijiona hufai kitu au umejaa dhambi? Mawili ya mwisho ni ya historia: unatumia dawa ulizoandikiwa na daktari kwa matatizo ya akili, na umewahi kulazwa kwa matatizo hayo? Anayekubali mawili katika yale sita, au hata moja katika haya mawili, anapaswa kupelekwa kwa mtaalamu. Katika jaribio lililochapishwa 2005, kwenye jela za Maryland na New York, hojaji hii iliwaainisha kwa usahihi asilimia 73.5 ya wanaume na asilimia 61.6 tu ya wanawake. Miaka minne baadaye Steadman na wenzake walichapisha makadirio ya ugonjwa mzito wa akili katika jela za kaunti: wanaume asilimia 14.5, wanawake asilimia 31. Ukiziweka takwimu hizo pamoja unaona kasoro yake: hojaji inakosea zaidi kwa kundi lenye kiwango kikubwa zaidi cha wagonjwa.

Kasoro nyingine haimo katika takwimu hizo, nayo inawagusa wasomaji wa lugha hii moja kwa moja. Minneapolis na Saint Paul ndiko kwenye jumuiya kubwa ya Wasomali kuliko pengine popote Marekani, na wengi wao walipitia Dadaab au Kakuma na wanajua Kiswahili. Wapo pia Waoromo, Wakenya na Wakongo. Kwa mtu aliyelelewa Kismayu au Mombasa, kwamba jini au mchawi anaweza kumwingia mtu na kumvuruga mawazo si wazo la ajabu, ni jambo analolisikia tangu utotoni. Huyo anaweza kuitikia swali la kwanza naye ni mzima. Mgonjwa kweli anaweza kulikana, kwa sababu nyumbani ameambiwa yanayompata si ugonjwa. Mcha Mungu aliyeulizwa kama anajiona na dhambi hana jibu jingine ila ndiyo. Yale mawili ya historia, ambayo ndiyo yenye uzito kuliko yote, yanamkosa kabisa mtu ambaye tiba yake yote imekuwa kusomewa Kurani au kuombewa kanisani. Na anayeuliza amevaa sare, huku mkalimani, akipatikana, ni sauti ya simu. Mtu aliyekimbia vita akiwa mtoto amejifunza mapema kwamba mwenye sare haambiwi mambo ya ndani.

Ushahidi kwamba jambo hili si la kufikirika tu upo palepale mjini. Jerome Kroll, Ahmed Yusuf na Koji Fujiwara walichapisha 2011 utafiti juu ya Wasomali wapatao 600 waliotibiwa matatizo ya akili kati ya 2001 na 2009 katika kliniki ya Chuo Kikuu cha Minnesota iliyoko Minneapolis. Karibu nusu ya wanaume walikuwa chini ya miaka 30, na asilimia 80 ya vijana hao walifika wakiwa na saikosisi, yaani ugonjwa unaomtenga mtu na uhalisia. Kwa wanaume wa rika lao wasio Wasomali katika kliniki hiyohiyo, kiwango kilikuwa asilimia 13.7. Takwimu hii isisomwe vibaya. Hao ni wagonjwa wa kliniki, si vijana wa Cedar-Riverside, mtaa wa Wasomali wa Minneapolis, kwa jumla. Tafsiri ninayoiona kuwa ya haki ni kwamba familia nyingi humleta kijana kwa daktari pale tu hali inapokuwa imezishinda njia zote nyingine. Sasa, kijana ambaye kliniki humwona akiwa ameshazama, polisi wanaweza kumkuta kabla ya kliniki, barabarani au dukani, akipiga kelele au akikataa kuondoka. Kwa huyo mlango wa jela ndio mlango wa kwanza wa tiba, na hojaji inayouliza kama amewahi kulazwa inaweza kumwandika kuwa mzima.

Asipotambuliwa mlangoni, shaka huzuka baadaye, kwa wakili wake au kwa jaji, na hapo huanza safari ambayo mahakamani huko huitwa kwa namba ya kanuni yake, ya 20. Kesi husimama. Mtaalamu wa mahakama huteuliwa, ripoti husubiriwa kwa wiki kadhaa, na mara nyingi mshtakiwa huisubiri akiwa ndani. Akionekana hawezi kusimama kizimbani na kosa lake ni dogo, shtaka hufutwa. Kwa miaka mingi jambo liliishia hapo: mtu hakustahili kushtakiwa, lakini hakufikia kiwango cha kulazimishwa matibabu na mahakama ya madai, basi alirudishwa mtaani bila tiba na bila usimamizi. Kituo cha televisheni cha KARE 11 kiliwafuatilia watu walioangukia katika pengo hilo, wakiwamo waliokuja kushtakiwa kwa makosa makubwa zaidi, na mwaka 2022 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuwarejeshea washtakiwa uwezo wa kusimama kizimbani, pamoja na bodi ya kuisimamia kazi hiyo na waongozaji wa kumshika mkono mshtakiwa kati ya mahakama, kliniki na makazi. Ni sheria njema. Ila mlango wake hufunguka baada ya kesi kukwama. Mwongozaji anakutana na mtu ambaye ameshakaa ndani na ameshazidiwa, naye pengine ameshapoteza kazi au nyumba.

Wanaotilia shaka upimaji wa mapema hushika hoja ya vitanda, na wana haki kuishika. Mwaka 2013 Minnesota ilipitisha sheria ya saa 48: mahabusu aliyeamriwa kulazwa na mahakama apokelewe katika hospitali ya jimbo ndani ya muda huo. Hospitali ya Anoka, inayoyahudumia majiji haya mawili, ina leseni ya vitanda 110. Sheria haikuongeza vitanda. Ilibadili tu foleni, na walioumia ni wagonjwa waliokuwa wakisubiri katika hospitali za kawaida. Mwaka 2023 bunge likabadili hesabu, saa 48 zikaanza kuhesabiwa pale kitanda kinachofaa kinapopatikana. Kwa hiyo wenye shaka huuliza: kuna faida gani kumtambua mgonjwa Jumamosi kama kitanda hakitapatikana mpaka mwezi ujao? Swali hilo linachukulia kwamba kila mwenye dalili anahitaji Anoka, na sivyo. Mwaka 2016 aliyekuwa sherifu wa Hennepin, kaunti ya Minneapolis, Rich Stanek, alitangaza kuwa katika uchunguzi wa siku moja zaidi ya nusu ya mahabusu walikuwa na ugonjwa wa akili au dalili zake. Hakuna anayedhani nusu ya jela inastahili wodi. Wengi wanahitaji dawa walizokuwa wakizinywa zisikatike. Wanahitaji pia simu ipigwe nyumbani au kwa mfanyakazi wa ustawi anayewajua, na jaji aambiwe na wakili wao kwamba iko kliniki tayari kumpokea mtu huyu akiachiwa kwa masharti. Kaunti ya Hennepin ina kituo cha namna hiyo mtaa wa Chicago, namba 1800, ambako mtu huingia bila miadi. Mahakama maalumu za wenye matatizo ya akili zipo Hennepin tangu 2003 na Ramsey, kaunti ya Saint Paul, tangu 2005. Njia zipo, tatizo ni kwamba mtu huzifikia kwa kubahatisha.

Kuna jambo la fedha linalofanya siku za kwanza ziwe mbaya zaidi. Tangu Medicaid ilipoanzishwa 1965, bima hiyo ya watu wa kipato cha chini kwa kawaida imekuwa hailipii matibabu ya aliyeko jela, hata kama hajahukumiwa lolote. Mtu anaingia Ijumaa akiwa na dawa zilizolipiwa, na kuanzia hapo mzigo ni wa kaunti. Dawa hucheleweshwa mpaka zithibitishwe, na uthibitisho hungoja duka la dawa lifunguliwe au kliniki ipokee simu. Siku tatu bila dawa zinaweza kumvuruga mtu aliyekuwa ametulia kwa mwaka mzima, na vurugu ndani ya jela huzaa shtaka jipya, kufungiwa peke yake, au dhamana kupanda. Kesi iliyokuwa ya kuingia duka alilokatazwa hugeuka kuwa ya kumshambulia askari. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema upimaji wa mapema ni mzigo mpya wa gharama: gharama imeshalipwa, ila inalipwa kwa njia ya polisi, vitanda vya jela na kesi zinazorudi. Kaunti ya Miami-Dade, chini ya mpango ulioanzishwa na Jaji Steven Leifman mwaka 2000, ilipunguza waliokamatwa hata ikafunga jela moja.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa mawakili wa utetezi, na ndilo lililoniongoza kwenye hoja niliyoitaja mwanzo. Wanasema: mkimpima mtu akili kabla hajaonana na wakili, mnamfanya ajisemee makosa. Historia iko upande wao. Mwaka 1921 jimbo la Massachusetts lilipitisha Sheria ya Briggs, iliyotaka washtakiwa wa makosa ya kifo na waliowahi kushtakiwa zaidi ya mara moja wapimwe na madaktari wa jimbo kabla ya kesi. Lengo lilikuwa jema, kumwondoa daktari anayelipwa na upande mmoja. Lakini ripoti ilikwenda kwa mahakama, kwa mwendesha mashtaka na kwa utetezi kwa pamoja, na hivyo kipimo kikawa sehemu ya kesi tangu siku ya kwanza. Texas ilionyesha mwisho wa njia hiyo. Daktari aliyempima Ernest Smith ili kujua kama anaweza kusimama kizimbani aliitwa baadaye kutoa ushahidi kwamba ni mtu atakayeendelea kuwa hatari, naye akahukumiwa kifo, na Mahakama Kuu ya Marekani, katika Estelle dhidi ya Smith ya 1981, ikasema haki zake zimevunjwa kwa kuwa hakuonywa kwamba maneno yake yangeweza kutumika hivyo.

Minnesota yenyewe ina sababu zaidi ya kuogopa. Mwaka 1939 ilitunga sheria ya kuwafungia watu kwa muda usio na kikomo kwa jina la ugonjwa wa haiba ya ngono, na kesi iliyoihalalisha mbele ya Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1940 ilitoka Saint Paul, dhidi ya mahakama ya mirathi ya kaunti ya Ramsey. Mrithi wa sheria hiyo ni programu iliyoanza 1994, inayowashikilia watu zaidi ya 700 Moose Lake na St. Peter, wengi wao baada ya kumaliza vifungo vyao. Jaji Donovan Frank, akiketi Saint Paul, alipoamua 2015 kwamba programu hiyo inavunja katiba, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameachiwa kabisa kwa miaka zaidi ya 20. Mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi wake Januari 2017. Mshtakiwa wa Minnesota anayesita kumwambia mtu wa serikali habari za akili yake hana wazimu katika hilo. Anaijua serikali anayozungumza nayo.

Kwa hiyo siwajibu mawakili kwa kuwaambia wasiogope. Nasema hofu yao ndiyo inayopaswa kuuongoza mfumo wenyewe. Kanuni ya 20 tayari inaonyesha namna: maneno ya mshtakiwa kwa mtaalamu anayechunguza uwezo wake wa kusimama kizimbani, pamoja na ushahidi uliotokana na maneno hayo, hayakubaliki katika kesi ya jinai yenyewe. Ulinzi huohuo uandikwe kwa uwazi uleule kwa ajili ya maswali ya mlangoni. Na hapa haki na ukweli vinakwenda pamoja, jambo ambalo watunga sera husahau: mtu anayejua kwamba jibu lake halitamrudia mahakamani ndiye anayesema kweli, na hojaji inayopata majibu ya kweli ndiyo inayotambua wagonjwa. Anayefunga mlango wa mwendesha mashtaka anaiboresha tiba kwa tendo hilohilo. Hofu ya uhamiaji nayo inatulizwa kwa njia hii. Sheria ya Marekani inaruhusu mtu asiye raia kunyimwa kuingia au ukaazi kwa sababu ya ugonjwa wa akili ulioambatana na tabia ya kuhatarisha wengine, na habari hiyo inajulikana sana katika familia za Cedar-Riverside. Kumbukumbu ya afya isiyotoka mikononi mwa wahudumu wa afya na wakili wa mtu mwenyewe ndiyo pekee inayoweza kumfanya mama amwambie muuguzi kwamba mwanawe halali usiku.

Ukuta huo kati ya tiba na kesi unamjibu pia anayehofia udanganyifu. Husemwa kwamba wahalifu watajifanya wagonjwa ili waponyoke. Wataponyokaje? Kipimo hiki hakifuti shtaka, hakimpeleki mtu Anoka, hakimpi jaji sababu ya kumsamehe. Anachopata mdanganyifu ni dakika 20 na muuguzi na pengine dawa asiyoitaka. Udanganyifu hufuata faida, na faida kubwa ziko katika yale maswali mawili ya mahakama, ambako wataalamu wamekwishazoea kuwakabili wanaoigiza.

Nchi iliyokwenda mbali katika hili ni Uingereza. Baada ya ripoti ya Lord Bradley ya 2009, wauguzi wa akili waliwekwa katika vituo vya polisi na mahakama, na kufikia 2020 huduma hiyo ilikuwa imeenea England yote. Wao huenda hatua ambayo mimi singeipeleka Minnesota, kwa sababu mshtakiwa akiridhia huwapa polisi na mahakama taarifa zinazosaidia uamuzi. Katika jimbo lenye Moose Lake, ridhaa inayotolewa ukiwa umefungiwa ni dhaifu mno. Wakili ndiye awe wa kwanza kupokea matokeo, naye aamue na mteja wake nini jaji asikie. Lakini jambo la msingi waliloliona Waingereza linafaa kunakiliwa lilivyo: anayeuliza ni muuguzi, na yupo hapo siku mtu anapoletwa.

Katika Hennepin na Ramsey, basi, mabadiliko ni machache na yanatajika. Badala ya kusema jela inaweza kumsaidia mwenye dalili kupata miadi ya daktari atakapotoka, kifungu cha 641.15 kiseme itampeleka kwa mtaalamu, na kabla hajafikishwa kwa jaji. Muuguzi awepo Jumamosi na Jumapili, kwa sababu mwishoni mwa wiki ndipo saa 36 hurefuka. Maswali yaulizwe kwa Kisomali, Kioromo na Kiswahili na mtu aliyefunzwa kuuliza kinachofuata baada ya kutajwa jini, asiishie kuweka alama ya ndiyo au hapana. Ndugu wa mahabusu awe na namba ya kupiga kuacha taarifa za dawa, bila taarifa hizo kuingia katika faili la kesi.

Lipo kundi ambalo hata haya hayatalifikia vizuri. Jela ya kaunti ya Sherburne, kaskazini-magharibi ya Minneapolis, imekuwa ikiwahifadhi watu wa kesi za uhamiaji ambazo husikilizwa Fort Snelling. Kesi hizo huhesabiwa kuwa za madai, kwa hiyo hakuna wakili wa umma anayeteuliwa kumtetea mtu. Kanuni ya 20 haimhusu, jaji wa saa 36 hayupo. Mahabusu wa namna hiyo anaweza kuulizwa maswali yaleyale manane mlangoni, na jibu lake, hata likiwa sahihi na limelindwa vema, halina wakili wa kulipokea. Kwake yeye muuguzi ndiye ulinzi wote uliopo, na kwa sheria ilivyo leo hata huyo muuguzi si lazima awepo pale mlangoni.